Mshipi wa Gauni Jeupe

Siku ambayo bega la mumewe lilipona, Fundi alipaswa kufurahi. Badala yake alishika kikombe chake cha chai kwa mikono miwili na kujikuta hana hamu ya kunywa.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Bawabu, mumewe, aliingia jikoni na fulana yake iliyotoboka kwapani, akanyoosha mkono wa kulia hadi juu ya kabati, akashusha kopo la sukari, akajiwekea vijiko vitatu, akalirudisha. Ndivyo wanavyofanya watu wote wenye mabega. Tatizo ni kwamba mkono ule haukuwa umevuka usawa wa sikio kwa miaka mingi. Fundi ndiye aliyekuwa akimvisha shati kila Mungu alipoleta siku, na Fundi ndiye aliyekuwa akimsugua mgongo.

"Mzee, bega?" akauliza.

"Bega lina nini?"

"Si umelinyanyua."

Bawabu akalitazama bega lake kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. "Nimepata mkandaji mzuri," akasema, akatoka na chai yake. Nyuma yake kikabaki kiharufu cha ngozi iliyoloa na nywele zilizoungua. Fundi alifungua dirisha, na harufu haikutoka.

Hakuwa mtu wa kushtuka ovyo. Alikuwa fundi cherehani tangu usichana, amevumilia wateja wa kila sampuli, na alikuwa ameolewa na bondia, yaani mume anayeondoka nyumbani na sura moja na kurudi na nyingine. Bawabu alipewa jina hilo kwa sababu zamani ngumi hazikupita kwake bila ruhusa. Sasa alikuwa na miaka hamsini na ushei, na ngumi zilikuwa zinapita zote, zinakaribishwa kiti na kuulizwa habari za safari.

Wiki chache kabla ya hapo, mwenye ukumbi wa mji alikuwa amekuja na wazo lake. Bawabu na Mkaa, mahasimu wa enzi zile, wakutane mara moja ya mwisho. Walikuwa wamepigana mara tatu: kila mmoja alishinda moja, na ya tatu walitoka sare ambayo mtaa mzima ulikuwa bado unaibishania kwa vinyozi. Mkaa aliuza mkaa kabla ya kuvaa glavu, na alirudi kuuza mkaa baada ya kuzivua. Hakuwa na kinyongo na mtu. Kila alipopita na mkokoteni wake aliita kutoka barabarani, "Shemeji! Huyo mzee wako bado anapumua?"

Fundi alikubali kwa shingo upande. Alikuwa amewaona mabondia wenzake Bawabu waliozeeka vibaya, wanaokaa barazani mdomo wazi, hawakumbuki watoto wao wanaitwaje. Hilo ndilo aliloliogopa kuliko kifo.

"Nirudie na akili zako," alimwambia. "Ushinde, ushindwe, shauri yako. Mimi nataka mume wa kuzeeka naye, mwenye kunijua."

"Nitarudi mzima," Bawabu akasema. "Sitakuwa na hata mchubuko mmoja. Nakuapia."

Na kwa kweli, alikuwa akisema kweli tupu.

Jioni ya siku ileile ya kopo la sukari, alimjia Fundi pale kwenye cherehani, akapiga magoti, yeye ambaye hakuwahi kupiga magoti hata siku ya kuposa. Akamwomba gauni lake la harusi. Lilikuwa gauni jeupe la pamba nzito, la watu wasio na uwezo, limekunjwa chini ya sanduku tangu walipooana.

"Nishonee bandeji za mikono," akasema. "Na kitakachobaki, jishonee mshipi. Ufunge kiunoni mwenyewe, kwa mkono wako, usiufungue mpaka pambano lipite. Nikijua umefunga kitambaa kimoja na changu, nitakuwa na nguvu."

Fundi alicheka, halafu akalia kidogo, akajifanya ni vumbi la kitambaa. Katika ndoa yao yote, Bawabu alikuwa amemwambia maneno matamu mara chache mno, na nyingine kati ya hizo alikuwa amepigwa kichwani. Alikata gauni lake bila kupoteza hata kipande. Akashona bandeji mbili ndefu, akashona mshipi, akajifunga kiunoni kwa lile fundo lake la kazi, ambalo likikazwa halifunguliwi ila kwa vidole vyake. Alijiona kama bibi harusi.

Kesho yake alimwona mkandaji kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mikubwa isiyo na kucha, akitoka stoo mle Bawabu alimotundika gunia lake la mazoezi. Alimwamkia Fundi kwa adabu zote, akaulizia afya yake. Aliuliza hasa kuhusu mbavu zake, kama zina nguvu. Fundi akajibu kwamba hana malalamiko, na mkandaji akatabasamu na kwenda zake. Pale alipokuwa amesimama, sakafu ilikuwa na unyevu.

Tangu hapo mambo yakaanza kwenda mrama. Mchana mmoja walikuwa wamekaa mezani wanakula, yeye na mumewe, uso kwa uso. Kutoka stoo ukasikika mlio wa gunia linapigwa. Du-du. Du. Du-du. Du.

"Nani yuko stoo?" Fundi akanong'ona.

"Upepo."

"Upepo unapiga kushoto mbili na kulia moja?" Maana aliujua mdundo ule kuliko alivyoujua wimbo wowote. Ulikuwa mdundo wa Bawabu mwenyewe, wa enzi za ujana wake.

Bawabu hakuinua macho. "Kula, chakula kinapoa."

Kisha yakaja maumivu. Yalikuja alasiri, saa ambazo Bawabu yuko mazoezini akichapana na vijana. Fundi angekuwa ameinamia cherehani, mlango umefungwa, na ghafla kitu kingemgonga ubavuni mpaka pumzi imkatike. Mara ya kwanza alidhani amejigonga kwenye kona ya meza. Mara ya pili alitazama nyuma yake, chumba kilikuwa kitupu, ila ile harufu ya ngozi iliyoloa ilikuwa imemkaribia mpaka puani. Na Bawabu angerudi jioni akipiga mluzi, ngozi yake laini, hana alama, vijana wa mazoezini wamemwambia amerudia ujana. Alikula vizuri. Alilala fofofo. Alikuwa na furaha, na hakumuuliza mkewe kwa nini anatembea ameshika ukuta.

Mdogo wake Fundi, aliyekuwa muuguzi, alikuja kumtembelea. Alipita pale sebuleni alipokaa mkandaji bila hata kumsalimia, kama anapita mbele ya kiti kitupu, mpaka Fundi akaona aibu kwa utovu ule wa adabu. Chumbani, mdogo mtu akamfunua dada yake gauni, akakuta mbavu zimejaa michubuko.

"Dada," akasema kwa sauti ya chini. "Shemeji anakupiga."

"Hajawahi kunigusa! Tangu anioe, hata kofi."

"Hizi ni ngumi. Mimi nazijua, naziona kila wiki kazini."

"Ngumi za nani? Nashinda peke yangu na cherehani."

"Basi kuna kitu humu ndani kinakupiga," mdogo mtu akasema, akatazama huku na huku, akavuta shuka akajifunika mabega ingawa kulikuwa na joto. "Nyumba hii inanuka, dada. Twende kwangu."

"Baada ya pambano," Fundi akajibu. "Siwezi kumwacha sasa. Ananihitaji."

Siku ya kuamkia pambano alipita karibu na stoo akiwa na kapu la nguo. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Akasikia sauti ya yule mkandaji, ya upole, yenye uvumilivu, ikiuliza, "Bado?"

Na sauti ya mumewe ikajibu, "Bado kidogo. Kesho utashiba."

Alijiambia kwamba wanaongelea mambo ya mazoezi. Mtu akishaamua kumwamini mwenzake, masikio nayo hutii.

Ukumbi ulijaa mapema. Wazee walikuja na wajukuu wao kuwaonyesha jinsi watu walivyokuwa wanapigana zamani. Fundi alikaa kwenye kona ya mumewe na ndoo, sifongo na taulo, kama alivyofanya tangu kocha wao alipofariki, na mkandaji alisimama upande wa pili wa kigoda, mikono nyuma. Mkaa alikuja kuwasalimia kabla ya kengele, kitambi kimefungwa vizuri ndani ya kaptura.

"Shemeji, usiwe na hofu. Leo tunacheza kistaarabu. Haya magoti yenyewe nimeyaazima." Akamgeukia Bawabu, akamshika shingo, akagusanisha naye vipaji vya nyuso. "Tuwafurahishe watu, halafu tukapumzike, ndugu yangu."

"Tukapumzike," Bawabu akasema.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya heshima. Katika ya pili, Bawabu alianza kucheza. Watu waliinuka vitini, kwa sababu mzee yule alikuwa anaelea, anayumbisha kiuno kama kijana, anapiga kushoto mbili na kulia moja na kutoka kabla jasho la mwenzake halijadondoka, na Mkaa, ambaye alikuja kucheza, aliona ameanza kupigwa kweli, akashangaa, akaumia moyo, kisha naye akakumbuka yeye ni nani. Magoti ya kuazima yakapata mwenyewe. Alikunja kidevu kifuani, akaingia ndani, akaanza kuzishusha zile ngumi zake nzito za mbavuni ambazo zamani zilimlaza mtu wiki nzima, na ukumbi ukalia kwa furaha kwa sababu haukuwa umeona kitu kama kile tangu wazee wale walipokuwa na nywele, na Bawabu alizipokea zote akitabasamu, na kwenye kona, nje ya kamba, mkewe alijikunja juu ya ndoo, kwa kila ngumi akajikunja tena, akajiziba mdomo kwa taulo asipige kelele, na alipolitoa taulo mdomoni lilikuwa jekundu, na hakuna aliyemtazama, maana nani hutazama kona wakati mambo kama yale yanatokea ulingoni?

Mkandaji alimtazama. Alikuwa ameinama kidogo, pua mbele, kama mtu anayesikia harufu ya chakula jikoni.

Kengele ikalia. Bawabu akaja kukaa, kifua kikipanda na kushuka bila shida. Hakuwa na hata mchubuko mmoja.

"Mzee," Fundi akanong'ona, akimpangusa uso mkavu. "Kila akikupiga wewe, naumia mimi."

Alitarajia mshangao. Alitarajia amwite mwendawazimu, na angeshukuru kuitwa hivyo. Bawabu aligeuza uso wake, akatazama upande wa watu.

"Zimebaki raundi mbili tu," akasema polepole. "Vumilia, mke wangu."

Fundi aliacha kumpangusa.

"Ulijua."

"Mkandaji alisema maumivu lazima yapate pa kwenda. Alisema awe mtu anayenipenda, na ajifunge mwenyewe, bila kuambiwa sababu. Ningempata wapi mwingine? Ulisema nirudi mzima. Si narudi? Sikia wanavyoniita! Mara moja tu, mke wangu. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa sare."

Ukumbi ulikuwa unamwimba. Bawabu! Bawabu! Fundi alilitazama taulo mkononi mwake. Angelitupa tu ulingoni, refa angesimamisha kila kitu. Lakini hilo taulo lilikuwa limejaa damu yake, na mume ambaye yeye alimkatia gauni lake la harusi alikuwa anayumbisha kichwa kufuata wimbo. Kumbe yale magoti aliyompigia pale kwenye cherehani yalikuwa ya kumpima kiuno. Aliumia kuliko alivyoumizwa na ngumi zote za Mkaa, na maumivu hayo yalikuwa yake mwenyewe, hayakupitia kitambaa chochote.

Akapeleka vidole kiunoni, akalegeza fundo.

"Usiufungue!" Bawabu akashtuka. "Ukiufungua vyote vinanirudia!"

"Vyote?"

"Vyote, mama. Na vya mazoezini. Tafadhali."

Kwa asiyejua, ilionekana kama mke anamfuta mumewe jasho la tumbo. Fundi aliuvua ule mshipi, akaupitisha mgongoni mwa mumewe, akauleta mbele chini ya mpira wa kaptura, akakaza lile fundo lake la kazi. Bawabu alitazama chini. Mikono yake ilikuwa ndani ya glavu, na glavu zimezungushiwa plasta. Bondia aliyekwisha kuvalishwa hawezi hata kujikuna pua, sembuse kufungua fundo la fundi.

"Nifungue," akanong'ona. Akamgeukia mkandaji. "Nifungue wewe! Tulikubaliana!"

Mkandaji alikuwa amekwisha kuhama upande. Sasa alisimama nyuma ya Fundi, karibu kabisa, na Fundi alihisi pumzi yake ya moto kisogoni.

Kengele ikalia. Refa akamwita Bawabu mara mbili, akaenda. Alitembea hatua chache kama mtu anayeingia kwenye maji baridi, kisha ubavu wake wa kushoto ukabonyea. Mkaa alikuwa bado mbali, ngumi zake zimeshuka. Jicho la Bawabu likavimba, likafumba. Mdomo ukapasuka. Kichwa kikarushwa kulia, kikarushwa kushoto, na bega lile la kulia likaanguka kama shati lililotoka kwenye msumari, na kwa sababu watu wa nyuma hawakuona vizuri, waliendelea kushangilia, wakidhani ndiyo raundi nzuri kuliko zote, na ngumi zisizo na mwenyewe zikaendelea kumrudia moja baada ya nyingine, za raundi ya pili, za raundi ya kwanza, za vijana wa mazoezini, kwa utaratibu, bila haraka.

"Sijamgusa!" Mkaa alikuwa analia. "Jamani, refa, sijamgusa!" Ndiye aliyemdaka kabla hajafika chini. Alikaa naye sakafuni, kichwa cha hasimu wake mapajani, akimwita ndugu yangu, ndugu yangu.

Baadaye, nje ya wodi, Mkaa alikaa kwenye benchi kando ya Fundi akiwa bado na kaptura ya pambano.

"Ningejua anaumwa nisingekubali," akasema. "Amenificha. Na wewe, shemeji, alikuwa anakufokea nini pale kwenye kona?"

"Hakuwa ananifokea mimi. Alikuwa anamwambia mkandaji."

Mkaa akamtazama kwa huruma. "Shemeji, kona yenu mlikuwa wawili tu."

Bawabu alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa. Alirudi na akili zake zote, hilo alilitimiza. Macho yake yalijua kila kitu. Ulimi tu ndio uliokataa, na mikono, na miguu. Hospitali walikuwa wamejaribu kuuondoa ule mshipi, mkasi ukateleza, wakauacha, wakidhani ni imani ya familia. Kila Fundi alipomwogesha, yale macho yalishuka kiunoni kwenye fundo, yakapanda kwenye uso wake, yakashuka tena.

"Nimeliona," Fundi alimwambia. "Najua liko pale."

Asubuhi moja mbavu za Fundi, ambazo hazikuwa zimepona, zilimuuma kuliko kawaida. Mdogo wake alikuwa amemwambia azifunge kwa kitambaa kirefu, na pale kapuni zilikuwepo zile bandeji mbili, zimefuliwa, nyeupe. Fundi hakuwa mtu wa kutupa kitambaa. Akajizungushia. Maumivu yakakatika papo hapo, kama taa iliyozimwa, na chumbani Bawabu akatoa mlio.

Fundi akakaa kwenye cherehani yake na kuchukua sindano, kwa sababu kulikuwa na vifungo vya kushonea. Sindano ikamteleza, ikazama kidoleni mpaka mfupani. Hakuhisi kitu. Chumbani, mumewe akalia tena, mlio mfupi, mwembamba.

Aliangalia kidole chake. Hakikutoka damu.

Ndipo ile harufu ikaja, ngozi iliyoloa, nywele zilizoungua, na kutoka stoo gunia likaanza kupigwa taratibu. Du-du. Du. Angeweza kuinuka. Ilikuwa hatua chache tu mpaka kitandani, na fundo lile lilikuwa halihitaji zaidi ya vidole vyake viwili. Alifikiria gauni lake. Alifikiria lile neno, vumilia, na jinsi Bawabu alivyolisema akitazama watu.

Mlango wa stoo ukafunguka kidogo. "Bado?" ikauliza ile sauti ya upole, yenye uvumilivu.

Fundi akaishika sindano vizuri zaidi.

"Bado kidogo," akasema.